Kulishusha Gari Kwenye Mawe: Ushindi Mdogo wa Wapenzi wa Magari ya Zamani

Wapenzi wa magari ya zamani hufufua magari kwa mikono yao wenyewe, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko, bila kutarajia malipo. Wengi wao si mafundi kwa taaluma: ni walimu, wahasibu, madereva na wastaafu. Afrika Mashariki magari yanayowatoa jasho yanajulikana: Volkswagen Beetle, Peugeot 404 na 504, Datsun 160J, Land Rover za kale, na Toyota Corolla za miaka ya 1970 na 1980. Mengine yalijipatia jina katika Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Datsun 160J ikashinda mwaka 1979 na 1980.

Gari lililoko uani, hata hivyo, huwa halina fahari hiyo. Liko juu ya mawe, viti vimeliwa na panya, na kuku hutaga kwenye buti. Kulitoa hapo hadi litembee barabarani ni kazi inayoweza kula miaka, nayo hailipi mapema. Kwa sababu hiyo wapenzi hawa wamejijengea desturi ya kuhesabu na kusherehekea kila hatua inayofanikiwa, hata kama ni nati moja iliyokubali kufunguka.

Kwa nini hatua ndogo

Magari mengi yanayoanza kufufuliwa hayamaliziki. Ukosefu wa fedha ni sababu mojawapo, lakini kuna nyingine isiyosemwa sana: gari likianza kufunguliwa, sura yake huharibika zaidi kabla ya kutengenea. Mwenye gari alikuwa na gari bovu. Baada ya mwezi ana gari bovu lisilo na milango, na makopo kumi ya nati. Akipima kazi kwa lengo la mwisho tu, kila siku ataiona kama siku ya kushindwa.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili katika kazi za aina nyingine. Mwaka 1984 Karl Weick, msomi wa Marekani, aliandika kwamba tatizo kubwa mno humfanya mtu akate tamaa, na kwamba dawa yake ni kuligawa katika mafanikio madogo yanayoonekana. Baadaye Teresa Amabile na Steven Kramer walichambua maingizo karibu 12,000 ya shajara yaliyoandikwa kila siku na wafanyakazi 238. Katika kitabu chao cha mwaka 2011 walionyesha kuwa hakuna kilichochangamsha ari ya watu hao kuliko kuona kwamba kazi yenye maana kwao imesogea mbele, hata kidogo. Gereji ya nyumbani huthibitisha hayo bila shajara.

Bolti iliyoganda

Ushindi wa kwanza kwa wengi ni bolti iliyoshikwa na kutu. Asiyeijua kazi hii hudhani nguvu ndiyo inayohitajika. Nguvu ikizidi, kichwa cha bolti huviringika au shingo hukatika, na kazi ya dakika kumi inageuka kuwa ya siku mbili. Bolti za eksozi zina sifa mbaya kupita zote, kwa kuwa zimepashwa moto na kupoa maelfu ya mara.

Njia yenye busara ni ya pole pole. Kutu husuguliwa kwa brashi ya waya, kisha hunyunyiziwa mafuta ya kulegeza na kuachwa hadi kesho yake. Hutumika soketi ya pembe sita, kwa kuwa hushika pande zote za kichwa cha bolti. Bolti hugongwa kidogo kwa nyundo ili kutu ipasuke, halafu hubanwa kidogo kabla ya kufunguliwa. Ikikataa, nati hupashwa moto ili itanuke, ila kamwe si karibu na tangi au paipu za petroli. Inapokubali hutoa mlio mkavu wa kukwaruza, kisha mkono unahisi uzito umeachia. Mlio huo kila mpenda magari anaujua.

Injini kuwaka

Hakuna hatua inayosubiriwa kwa hamu kama injini iliyolala miaka kuwaka tena. Volkswagen Beetle ni mfano mzuri, maana zaidi ya milioni 21 ziliundwa hadi mwaka 2003 na injini yake ni rahisi kueleweka: silinda nne zinazopozwa kwa upepo, bila rejeta wala maji.

Kazi haianzi na ufunguo. Plagi zote nne hutolewa na oili kidogo hutiwa katika kila silinda, kisha injini huzungushwa kwa spana, kwa mkono. Ikizunguka, huo tayari ni ushindi: pistoni hazikuganda. Oili ya zamani humwagwa na mpya, lita 2.5 hivi, hutiwa. Petroli iliyokaa miaka humwagwa yote, maana petroli huanza kuharibika baada ya miezi kadhaa na kuacha utomvu unaoziba kabureta. Paipu za mpira hubadilishwa bila mjadala. Paipu iliyopasuka juu ya injini ya moto imeshateketeza Beetle nyingi.

Halafu inakuja zamu ya moto wa plagi. Pointi ndani ya distribyuta husafishwa kwa msasa laini na kuachiwa nafasi ya milimita 0.4. Mtu mmoja anapiga stata, mwingine anatazama plagi iliyogusishwa kwenye chuma cha injini. Cheche ya buluu ikionekana, watu huanza kuitana. Kizimamoto huwekwa karibu na ufunguo unageuzwa. Injini inakohoa, inatoa moshi wa oili iliyotiwa kwenye silinda, inazima. Mara ya pili au ya tano inashika na kuendelea kunguruma. Majirani waliokuwa wakiliita gari hilo chuma chakavu wanatokeza vichwa juu ya ua.

Ushindi usio na kelele

Hatua nyingine hazivuti majirani, lakini ndizo zinazotenganisha gari linalowaka na gari linaloweza kutembea. Breki ni mfano. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Kwa kiwango cha DOT 4, mafuta mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kima hicho hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu, na pedali huzama bila gari kusimama.

Kwa hiyo mafuta hubadilishwa na upepo hutolewa kwenye paipu, kwa kawaida kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na pampu kuu. Ni kazi ya watu wawili, na mara nyingi wa pili ni mtoto wa nyumbani. “Kanyaga! Shikilia! Achia!” Amri hizo hurudiwa hadi mafuta yatoke bila povu. Pedali iliyokuwa ikizama hadi sakafuni sasa inakataa mguu katikati ya safari yake.

Umeme nao una ushindi wake. Taa zinazofifia, indiketa zinazowaka ovyo na stata inayolegea mara nyingi husababishwa na waya wa ethi, yaani ule unaounganisha upande hasi wa betri na bodi. Kutu ikiingia kwenye kiungo chake, umeme hutafuta njia nyingine na kila kitu huvurugika. Kipande cha msasa na dakika ishirini vyaweza kutibu ugonjwa uliokwisha kugharimu betri mbili. Mita huthibitisha: betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa, na zaidi ya 13.5 injini inapoichaji.

Spea ni uwanja mwingine. Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi ni maeneo ambako mtu anaweza kwenda na kipande kilichovunjika mkononi, akapita duka hadi duka akikilinganisha. Kupata taa ya nyuma ya Peugeot 504 isiyo na ufa, kwenye kona ya duka ambalo mwenyewe alishasahau anayo, ni habari ya kumpigia simu rafiki usiku.

Namna ya kusherehekea

Sherehe zenyewe ni za kawaida. Picha ya kabla na baada hutumwa kwa wenzao kwenye WhatsApp. Video ya injini kuwaka huzunguka zaidi ya zote. Soda hununuliwa, au nyama choma ikiwa hatua ni kubwa. Gari linaposhushwa kwenye mawe, safari ya kwanza huwa ya kuzunguka mtaa tu, kwa gia ya pili, watoto wakikimbia nyuma. Wengine huhifadhi kipande kilichowatesa, kama bolti iliyokatika, juu ya rafu. Wenye utaratibu huwa na daftari: tarehe, kilichofanyika, spea iliyotumika na bei. Daftari hilo ndilo humwonyesha mwenye gari kwamba mwezi alioudhani umepotea ulikuwa na hatua nne.

Sherehe hizi hueneza pia elimu. Anayetangaza kwamba bolti imefunguka huulizwa mara moja aliifunguaje, na jibu lake humwokoa mwingine aliye mji wa mbali.

Ushindi wa uongo

Si kila kinachofurahisha ni mafanikio. Gari likiacha kuzima baada ya spea tano kubadilishwa kwa kubahatisha, tatizo limejificha tu. Aliyebadilisha hajui kilichokuwa kibovu, na likirudi ataanza upya. Rangi mpya juu ya kutu hupendeza msimu mmoja, hasa Mombasa, Tanga au Zanzibar ambako hewa ya chumvi haina huruma. Hatari kuliko zote ni kuitumia furaha ya injini kuwaka kama ruhusa ya kuingia barabarani kabla ya breki, usukani na matairi kukaguliwa.

Kwa anayeanza, kanuni zinazofaa ni chache. Piga picha kabla ya kufungua chochote. Andika jina kwenye kila kopo la nati. Chagua kazi inayoweza kumalizika jioni moja, uimalize, uijaribu, na uiandike. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Na kazi ya jioni hiyo ikifanikiwa, mwite mtu aione kabla hujazima taa ya gereji.