Mwanachama kwa dakika tano

Nilimpigia simu kwa shughuli nyingine kabisa, tukaishia kuzungumzia meza. Ni mama wa Kikongomani aliyepata uraia wa Marekani, mkazi wa Manchester, jimbo la New Hampshire. Januari 23, 2024, siku ya mchujo wa urais, alisaidia kituoni kwenye meza iliyo karibu na mlango wa kutokea. Mezani kulikuwa na kalamu na rundo la fomu, basi.

Huko, mpigakura asiye na chama akifika huulizwa anataka karatasi ya Republican au ya Democratic. Akishachukua moja, anahesabiwa wa chama hicho. Anapiga kura, anapita mezani, anatia saini, na anapotoka nje hana chama tena.

“Wengine wanasaini mbio kama wameiba,” mama alicheka. “Mzee mmoja aliniinamia: nitoe haraka, mke wangu asijue. Nikamwambia, papa, weka saini hapa, umeshatoka. Wengine wanapita tu. Hao wanabaki chamani bila kukumbuka.”

Wasio na chama ndio kundi kubwa zaidi jimboni humo. Nikki Haley, aliyeshindana na Trump kwenye mchujo wa Republican, aliwategemea hao. Akapata asilimia 43, Trump 54.

Jirani ya mama, Mkongomani mwenzake na mwanachama wa kweli, kura hizo za wasio na chama zinamchoma: vipi asiyechanga harusi amchague bibi arusi? “Nikamjibu, ukumbi unalipwa na kodi zetu sote. Mkitaka harusi ya peke yenu, ifanyieni nyumbani.”

Na anayekuja kumchagua mgombea dhaifu makusudi, ili chama kishindwe? Mama alinyamaza kidogo. “Wapo. Lakini karani haulizi moyo, anauliza karatasi.”

Kwetu Kenya nilijikuta chamani bila kupita meza yoyote. Mwaka 2021, Msajili wa Vyama alipowezesha watu kukagua uanachama wao mtandaoni, wengi walikuta majina yao kwenye vyama wasivyowahi kujiunga navyo. Langu lilikuwemo pia. Na katika ngome za vyama, mchujo ukiisha, uchaguzi umeisha. Uchaguzi mkuu wa Agosti ni kuthibitisha tu. Asiye na chama anayeishi ngomeni anachagua nini hasa? Tukimfungulia mlango, chama kinabaki cha nani?

Mama hakuwa na muda wa maswali yangu. Yeye alipiga kura wakati wa mapumziko, akarudi mezani, akajichukulia fomu mwenyewe na kutia saini. Ya kutoka chama gani, hakuniambia.