Klasi za kiwanda katika PHP

Klasi ya kiwanda ni klasi ambayo kazi yake ni moja tu: kuunda kitu cha klasi nyingine kikiwa tayari kwa matumizi. Katika lugha ya programu PHP hutumika pamoja na uingizaji wa vitegemezi, yaani kuipa klasi vifaa vyake kutoka nje badala ya kuiacha ijitengenezee. Martin Fowler alieneza jina la mbinu hiyo mwaka 2004. Wazo la kiwanda ni la zamani zaidi.

Mfano ni programu ya kutoa ripoti za visima vya Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, ambako kina cha maji ya ardhini kimepimwa tangu miaka ya 1950. Klasi RipotiYaKina ikijiundia hifadhidata kwa neno `new`, nywila huingia ndani ya ripoti, na kila jaribio hugusa vipimo halisi. Kosa dogo laweza kufuta rekodi isiyorudi, kwa kuwa kina cha mwaka 1961 hakiwezi kupimwa leo. Ni afadhali ripoti ipokee kiolesura HifadhiYaVipimo, na kiwanda kiamue kuipa nini:

```
final class KiwandaChaRipoti
{
    public function __invoke(ContainerInterface $kontena): RipotiYaKina
    {
        return new RipotiYaKina(
            $kontena->get(HifadhiYaVipimo::class)
        );
    }
}
```

Wakati wa majaribio kiwanda hakihitajiki: ripoti hupewa namba chache za kubuni.

Kontena ni ghala la vitu vya programu. Kiolesura chake kiliwekwa na kikundi cha PHP-FIG katika kanuni ya PSR-11 mwaka 2017. Kosa la kawaida ni kuikabidhi ripoti kontena lote. Hapo konstrakta haisemi tena klasi inahitaji nini, na upungufu hujulikana programu ikiwa kazini.

Wengine hukusanya viwanda vyote katika folda moja. Vikiwa vitano hupendeza. Vikiwa hamsini, anayehamisha sehemu ya visima hulazimika kuvichambua kimoja kimoja. Kiwanda kikae karibu na klasi kinayoiunda.

Si kila klasi inahitaji kiwanda. Makontena ya Symfony na Laravel husoma aina zilizotajwa kwenye konstrakta na kuunda vitu yenyewe. Kiwanda hubaki na kazi pale ambapo aina haitoshi, kama vile njia ya faili, nywila, au kuchagua kati ya hifadhi mbili.