Muda wa Nyongeza na Kamusi Mezani: Msaada kwa Wanaojifunza Kiingereza Katika Mitihani ya Kuingia Vyuo vya Marekani

Katika sharika zetu zipo familia zenye ndugu waliohamia Marekani kama wakimbizi, wengi wao Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Katika mwaka wa fedha wa Marekani wa 2016, na tena 2019 na 2023, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa huko. Mpango huo ulisimamishwa Januari 2025, lakini vijana waliofika kabla ya hapo wako shuleni, na wengine sasa wanakaribia kuingia chuo. Ndipo wanapokutana na mitihani inayoitwa SAT na ACT.

Baadhi ya kamati na wafadhili wanaofuatilia maendeleo ya vijana hawa wametuuliza: je, kijana aliyeanza Kiingereza miaka mitatu iliyopita anapimwa sawasawa na aliyezaliwa nacho? Jibu letu kwa kifupi ni hili: mtihani ni uleule, lakini upo msaada unaoruhusiwa. Tatizo ni kwamba msaada huo haumfikii kijana ambaye shule yake haikumwombea.

Mitihani yenyewe

SAT huandaliwa na taasisi ya College Board. Tangu Machi 2024 hufanywa kwa kompyuta nchini Marekani, ikiwa na maswali 98 kwa saa 2 na dakika 14, na alama zake ni kuanzia 400 hadi 1600. ACT ina alama kuanzia 1 hadi 36. Si kila chuo kinadai mitihani hii. Vyuo vingi viliacha kuidai kuanzia 2020. Baadaye MIT iliirudisha mwaka 2022, na Harvard, Yale na Dartmouth vikatangaza mwaka 2024 kuirudisha. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kijana kusoma masharti ya chuo anachokitaka.

Haki hii ilitoka wapi

Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyohusu watoto wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wakifundishwa kwa lugha wasiyoielewa. Mahakama ilisema kwamba kuwapa watoto wote vitabu vilevile na walimu walewale si usawa, ikiwa baadhi yao hawaelewi kinachosemwa.

Mwaka 2015 ilipitishwa sheria mpya ya elimu iliyoyaruhusu majimbo kutumia SAT au ACT badala ya mtihani wao wa sekondari. Kwa kuwa mitihani ya majimbo inatakiwa kuwasaidia wanaojifunza Kiingereza, waandaaji wa SAT na ACT nao walilazimika kujipanga. Taasisi zote mbili zilianza kutoa msaada huo mwaka 2017. Kabla ya hapo, mwanafunzi aliyefanya ACT kwa msaada wa lugha hakuweza kutuma alama zake chuoni kama alama rasmi. Sasa zinapokelewa kama za mwingine yeyote.

Msaada unaotolewa

Msaada huu una sehemu nne. Kwanza, muda wa nyongeza wa nusu ya muda wa kawaida, kiasi kwamba SAT huwa saa 3 na dakika 21. Pili, kamusi ya neno kwa neno iliyoidhinishwa, isiyo na maelezo ya maana. Tatu, maelekezo ya mtihani katika baadhi ya lugha. Maswali yenyewe hubaki kwa Kiingereza. Nne, kufanyia mtihani katika chumba tulivu chenye watu wachache.

Wapo wanaodhani kuwa kamusi hutoa majibu. Tuchukue mfano wa lugha yetu. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikuta neno "kaa", kamusi ya neno kwa neno itampa mnyama wa pwani, kipande cha mkaa, kuketi na kuishi. Haitamwambia ni ipi inayofaa katika sentensi aliyo nayo. Hilo atalijua kwa kusoma na kufikiri, na ndicho mtihani unachopima.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii. Watoto wa Kikongo kambini Nyarugusu walisoma kwa mtaala wa kwao, yaani kwa Kifaransa. Kijana wa namna hiyo huzungumza Kiswahili nyumbani, lakini maneno ya hisabati na sayansi aliyajua kwa Kifaransa. Kamusi ya Kiswahili inaweza isimsaidie katika hisabati kama ile ya Kifaransa. Achague lugha aliyosomea.

Lugha si ulemavu

Msaada huu usichanganywe na ule wa watu wenye ulemavu, ambao msingi wake ni sheria ya mwaka 1990. Huo unaweza kuwa karatasi ya nukta nundu, maandishi makubwa, msomaji au muda zaidi. Hapa Tanzania nasi tunao: Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 katika masomo mengine.

Mzazi asikubali mtoto wake aandikwe kuwa na ulemavu ili tu apate muda. Mwaka 2019 Marekani ilifichua kashfa ambayo ndani yake wazazi matajiri walitafutiwa vyeti vya aina hiyo kwa udanganyifu, na wengine walifungwa. Kashfa kama hiyo huwaumiza wenye haki ya kweli.

Tunachoshauri

Tunaziomba kamati ziwafikishie ndugu walioko huko mambo yafuatayo:

1. Msaada wa lugha huombwa na shule, kwa mwanafunzi aliye katika programu ya kujifunza Kiingereza. Mzazi aende kwa mshauri wa wanafunzi mapema, mwanzoni mwa mwaka wa masomo.

2. Kwa SAT, msaada huu hutolewa katika mtihani unaofanyika shuleni siku ya masomo, nao ni kwa mtihani huo mmoja tu. Akirudia, aombewe tena.

3. Maombi ya wenye ulemavu huweza kuchukua hadi wiki saba.

4. Kijana aizoee kamusi miezi kadhaa kabla. Anayeifungua kwa mara ya kwanza siku ya mtihani atapoteza muda.

5. Kijana anayefanya SAT akiwa Dar es Salaam au Nairobi hapati msaada wa lugha kwa sababu tu Kiingereza si lugha yake ya kwanza. Mwenye ulemavu anaweza kuomba popote alipo.

Kwa wafadhili, tunasema wazi kwamba muda wa nyongeza haugeuzi lugha isiyojulikana kuwa inayojulikana. Kijana bado anahitaji mwalimu wa Kiingereza, vitabu na saa za kujisomea jioni, na huko ndiko mchango wenu unakofanya kazi kubwa. Lakini kijana aliyekwisha kujiandaa hivyo, halafu akaingia chumba cha mtihani bila kamusi kwa sababu hakuna mtu mzima aliyejaza fomu, amenyimwa kitu ambacho kilikuwa chake tayari.