Mpenzi wa jazi Mpanda: Kwa nini santuri ilimpa nusu tu ya dansi

KWA mkazi wa Mpanda aliyekuwa kijana katika miaka ya 1970, kuipenda bendi ya jazi mara nyingi kulikuwa ni kuipenda bendi ambayo hakuwahi kuiona jukwaani. Aliijua kwa sauti za waimbaji wake, kwa mlio wa gitaa la solo na kwa jina la mtindo wake, lakini yote hayo yalimfikia kupitia redio na santuri.

Mwenzake wa Dar es Salaam au Tabora alikuwa na bahati zaidi. Huyo aliweza kulipa kiingilio Jumamosi jioni, akaingia ukumbini na kucheza hadi usiku wa manane. Wote wawili walijiita wapenzi wa bendi ileile, lakini muziki waliousikia haukuwa sawa.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa zaidi leo kuliko wakati ule. Wengi wa wanamuziki hao wamefariki dunia, wakiwamo Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, Hemedi Maneti mwaka 1990, na Muhidin Gurumo na Shem Karenga mwaka 2014. Kilichobaki cha kazi yao ni rekodi, na rekodi nazo zina umri wake.

Jina la jazi

Jazi ilizaliwa Marekani, na mji wa New Orleans ndio unaotajwa kuwa chimbuko lake. Santuri ya kwanza ya muziki huo ilirekodiwa mwaka 1917, na kutoka hapo jina likaenea duniani kwa njia ya gramafoni.

Tanganyika ililipokea jina hilo mapema. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na mwaka 1944 zikafuata Morogoro Jazz na Western Jazz. Mwaka 1964 ilizaliwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma.

Hata hivyo, muziki wenyewe haukuwa ule wa New Orleans. Ulikuwa karibu zaidi na rumba ya Cuba, iliyofika Afrika kwa santuri tangu miaka ya 1930, na baadaye rumba ya Kongo ya bendi kama African Jazz na OK Jazz. Mtanzania aliposema "jazi" alimaanisha magitaa, saksafoni, tarumbeta, tumba, na watu kuinuka kucheza.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake uliowagawa mashabiki kama timu za mpira zinavyowagawa. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz na Segere Matata, na Morogoro Jazz na Sululu.

Reli na ziwa

Mpanda haikuwa mbali na muziki huo kama ramani inavyoonyesha. Njia ya reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa kilometa zipatazo 210, ilijengwa kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi na kukamilika takriban mwaka 1950. Machimbo yalifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki ikisafirisha abiria, mizigo na habari za mjini.

Aidha, Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Tabora hadi ulipoanzishwa Mkoa wa Rukwa mwaka 1974. Mkoa wa Katavi, ambao Mpanda ndiyo makao yake makuu, ulizaliwa mwaka 2012. Kwa mantiki hiyo, kwa miaka mingi Tabora Jazz ilikuwa bendi ya mkoa wa nyumbani kwa watu wa Mpanda.

Upande wa magharibi, vijiji vya Karema na Ikola vinatazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwambao huohuo wa ziwa, upande wa Kigoma, ndiko alikotoka Shem Karenga, aliyepitia Lake Tanganyika Jazz kabla ya kujiunga na Tabora Jazz na kuipatia wimbo uliovuma sana wa "Dada Asha".

Dakika tatu za santuri

Ili kuelewa alichokikosa mpenzi wa mbali, ni lazima kwanza kuelewa jinsi wimbo wa dansi ulivyojengwa. Sehemu ya kwanza ni ya taratibu, na humo mwimbaji hueleza kisa chake. Sehemu ya pili, ambayo wanamuziki huiita chemko, ni ya kasi. Hapo magitaa hujibizana, vyombo vya kupuliza huingia, na wachezaji huchangamka.

Ukumbini, chemko haikuwa na mpaka. Kiongozi wa bendi aliwatazama watu, na kama walikuwa bado wanacheza, mpiga solo aliendelea.

Santuri haikuwa na nafasi hiyo. Upande mmoja wa santuri ya zamani ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba takriban dakika tatu. Hata wanajazi wa Marekani walilazimika kufupisha muziki wao kwa sababu hiyo, hadi ilipoingia sokoni santuri ndefu mwaka 1948. Afrika Mashariki iliendelea kutegemea santuri ndogo, na wimbo mrefu uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa nyuma. Msikilizaji aliinuka kugeuza santuri pale hasa muziki ulipokuwa unapamba moto.

Studio ya Redio Tanzania

Kwa upande mwingine, kurekodi kulikuwa na fadhila zake. Studio za Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), zilizokuwa Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, zilirekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Hapakuwa na utaratibu wa leo wa kila mwanamuziki kurekodi kivyake. Kwa hiyo rekodi hizo zimehifadhi jambo moja la ukumbini, nalo ni wanamuziki kusikilizana na kujibizana papo kwa papo.

Tanzania ilitegemea Kenya kwa utengenezaji wa santuri. Mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa mwaka 1977, na kubaki umefungwa hadi mwaka 1983, njia hiyo ilivurugika. Nyimbo nyingi za kipindi hicho hazikupata kuwa santuri. Zilibaki katika kanda za RTD, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), na katika kaseti ambazo wasikilizaji walijirekodia nyumbani kutoka redioni.

Baadhi ya nyimbo za zamani zilitolewa upya ng'ambo, hususan Marekani na Ufaransa, kuanzia miaka ya 1980. Ni sehemu ndogo tu ya kilichorekodiwa.

Kuokoa kilichobaki

Hapa ndipo kaseti ya mzee wa Mpanda inapopata thamani. Kaseti aliyoijaza kutoka redioni miaka 40 iliyopita huenda ina toleo la wimbo lisilopatikana dukani, pamoja na sauti ya mtangazaji akitaja majina ya wapigaji.

Adui wa kanda ni joto, unyevu, vumbi na sumaku. Kaseti isiwekwe juu ya spika, kwa kuwa spika ina sumaku, wala isiachwe juani. Ihifadhiwe ikiwa imesimamishwa ndani ya kasha lake, mahali pakavu. Santuri nazo zisimamishwe kama vitabu, kwani zikilazwa kwa kurundikwa hupinda.

Kanda iliyokaa miaka mingi isichezwe ovyo ovyo, maana inaweza kukatika. Ni vyema kuandaa kabisa kompyuta au kifaa cha kurekodia kabla ya kuicheza, ili mchezo huo wa kwanza uwe ndio wa kunakili.

Jambo la mwisho ni maelezo. Mwenye kaseti aandike jina la bendi, wimbo, waimbaji na mwaka kama anaufahamu. Aliyewahi kuingia ukumbini aeleze pia alichokiona: nani alipiga solo na chemko ilichukua muda gani. Hayo hayamo kwenye santuri yoyote.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kanda, kwa bahati mbaya, huoza, na wanaokumbuka dansi lilivyochezwa hupungua kila mwaka.