Marumaru, Jiwe Jeupe la Carrara

Mara nyingi tunapoingia kanisani macho yetu huvutwa na altare nyeupe ya marumaru. Je, jiwe hilo latoka wapi?

Zamani sana, chini ya bahari, makombe ya viumbe vidogo yalilundikana yakawa jiwe la chokaa. Kisha ardhi ikajikunja. Joto kali na uzito wa miamba vikalipika jiwe hilo pasipo kuliyeyusha, hata chembe zake zikaumbika upya. Ndiyo marumaru. Likiwa safi huwa jeupe. Likichanganyika na vitu vingine hupata mistari na rangi. Si gumu mno: kisu cha chuma hulikwaruza, na maji ya ndimu hulila. Basi wenye kusafisha altare wasitumie ndimu wala siki.

Huko Carrara, nchi ya Italia, watu hulichimba tangu siku za Warumi. Kutoka huko pande moja kubwa lilipelekwa mjini Florence. Mwaka 1464 fundi mmoja alianza kulichonga, akaliacha. Wa pili naye hakulimaliza. Likalala uani miaka mingi, likinyeshewa mvua. Mwaka 1501 Michelangelo, kijana wa miaka 26, alikabidhiwa jiwe lile lile. Kufika 1504 alikuwa ametoa humo sanamu ya Daudi, yenye kimo cha zaidi ya meta 5.

Nasi wazazi na walimu, tusifanye haraka kusema juu ya mtoto: “Huyu amekwisha kuharibika.” Pengine kilichopungua si jiwe, bali mkono wenye subira.