Sheria za umri zinavyoamua bei ya magari ya spoti yaliyotumika

MWAKA 2023 gari aina ya Nissan Skyline GT-R liliuzwa mnadani na kampuni ya Bonhams kwa dola milioni 1.357 za Marekani, zaidi ya Sh180 milioni kwa kima cha ubadilishaji cha wakati huo. Sehemu kubwa ya bei hiyo ilitokana na jina la marehemu Paul Walker, mwigizaji aliyeliendesha katika filamu ya Fast & Furious ya mwaka 2009. Hata hivyo, magari ya toleo hilohilo ambayo hayakuwahi kukaribia kamera huuzwa mara kadhaa ya yeni milioni tano hivi ambazo mnunuzi wa kwanza alitoa nchini Japani mwaka 1999.

Jambo hilo huwatatiza wengi. Gari ni bidhaa inayochakaa, na kawaida ya soko ni kwamba kila mwaka unaopita huondoa kitu katika bei yake. Tena magari ya mwendo kasi huporomoka kwa kishindo kuliko magari ya kawaida, na sababu haifichiki: bei ya gari hushuka, bei ya vipuri vyake haishuki. Anayenunua gari la kifahari la Ulaya kwa robo ya bei yake ya awali hurithi breki, klachi na mfumo wa kupoza injini ambavyo vilipangiwa bei kwa mtu aliyelinunua likiwa jipya. Mnunuzi wa pili hulijua hilo, wa tatu hulijua zaidi, na kila mmoja huikata gharama hiyo katika bei anayokubali kutoa.

Porsche 911 inaonyesha jinsi soko linavyoweza kwenda kinyume na uhandisi. Toleo linalojulikana kama 993, lililokoma kuundwa mwaka 1998, lilikuwa la mwisho lenye injini inayopozwa kwa hewa. Toleo lililofuata, 996, lilipozwa kwa maji na lilikuwa na nguvu zaidi, lakini likaandamwa na sifa mbaya ya beringi moja ya ndani ya injini ambayo ikivunjika huweza kuiangamiza injini nzima. Kwa miaka mingi toleo la 996 likawa ndilo 911 la bei nafuu zaidi sokoni, ilhali lile kuukuu lililolitangulia likipanda. Aliyechagua teknolojia mpya ndiye aliyepata hasara.

Bei, basi, haifuati ubora peke yake. Hufuata pia swali jingine: mnunuzi akilikosa gari hili, atalipata jingine wapi? Na katika biashara ya magari yaliyotumika, jibu la swali hilo mara nyingi hutolewa na sheria kabla ya kutolewa na soko.

Skyline GT-R ya mwaka 1999, iitwayo R34 na wapenzi wake, iliundwa hadi mwaka 2002 tu, na idadi yake yote haikufika 12,000. Usukani wake uko kulia na haikuwahi kuuzwa rasmi Marekani. Lakini vijana wa huko waliijua vyema. Waliiendesha katika mchezo wa Gran Turismo, uliotolewa kwa mitambo ya PlayStation mwaka 1997 na kufuatiwa na matoleo mengine, kisha wakaitazama katika filamu. Walipopata kazi na mishahara, walitaka gari lenyewe.

Sheria iliwazuia. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1988, gari ambalo halikuundwa kwa kufuata kanuni za usalama za nchi hiyo haliruhusiwi kuingizwa kwa matumizi ya kawaida hadi litimize miaka 25, na umri huo huhesabiwa tangu mwezi lilipoundwa. Kwa hivyo R32, toleo la mwaka 1989, lilianza kuruhusiwa mwaka 2014. R34 za kwanza zikaruhusiwa Januari 2024. Bei hazikungoja siku yenyewe. Wafanyabiashara waliojua tarehe hizo walinunua mapema na kuyahifadhi magari hayo hadi mlango ufunguke. Kwa gari kama hilo, kutimiza miaka 25 ni kupata wateja wapya wa taifa zima kwa siku moja.

Nchini Kenya saa hiyohiyo huenda upande wa pili. Kanuni ya KS 1515:2000, inayosimamiwa na Shirika la Viwango nchini (KEBS), hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Kuanzia Januari 1, 2025, yaliyoruhusiwa ni yale yaliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2018 au baadaye, na kila Januari mwaka huo husogezwa mbele. Marekani inapoufungua mlango kwa gari la spoti la Japani, Kenya huwa ilikwisha kuufunga miaka 17 kabla. Ndiyo sababu Mkenya na Mmarekani wanaweza kununua katika minada ileile ya Japani bila kugombania gari hata moja.

Gari la spoti ambalo Mkenya wa kipato cha kati hulifikiria hasa ni Subaru Impreza, na juu yake WRX STI. Mapenzi hayo yana historia. Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa waundaji katika mbio za magari miaka mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Colin McRae aliliendesha Impreza hadi ushindi katika Safari Rally ya mwaka 1997, na marehemu Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Patrick Njiru alikuwa amekwisha kulifanya jina la Subaru litajwe katika kila soko na kituo cha mabasi. Safari ilipoondolewa katika ratiba ya dunia baada ya mwaka 2002, mapenzi hayakwisha. Iliporejea mwaka 2021, yalikuwa yamehamia kwa kizazi kingine.

Hapa ndipo hesabu ya miaka minane inapouma. STI ya mwisho kuuzwa Japani, yenye alama ya chesisi VAB, ilifikia kikomo kati ya mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020. Mwaka 2022 Subaru ilitangaza kwamba WRX mpya haitakuwa na STI ya injini ya petroli. Kwa kanuni ya KEBS, gari lililosajiliwa mwaka 2019 halitaingia tena nchini baada ya Desemba 2026. Machache yaliyosajiliwa mwaka 2020 yataongezewa mwaka mmoja. Baada ya hapo, STI zitakazouzwa Kenya ni zile zilizokwisha kufika.

Wauzaji wanalifahamu hilo, na baadhi yao wanawaambia wateja kwamba kununua STI ni kuweka akiba. Dai hilo linahitaji kupimwa kabla ya mtu kuchukua mkopo.

Bei ya gari lililotumika Kenya hutegemea sana gharama ya kuagiza jingine kama hilo. Mwezi Julai 2023 ushuru wa forodha ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa na asilimia 16 ya VAT. Gharama ya kuagiza ilipopanda, hata aliyekuwa na gari nyumbani aliona bei yake ikipanda bila yeye kufanya lolote. Shilingi nayo ilidhoofika hadi takriban 160 kwa dola moja mnamo Januari 2024, kisha ikaimarika hadi karibu 129 kabla ya mwaka huo kwisha. Aliyeagiza gari dola ikiwa ghali alijikuta akishindana na aliyeagiza miezi michache baadaye kwa gharama ndogo zaidi. Upandaji wa namna hiyo hautokani na gari kuwa adimu. Hutokana na kodi na fedha za kigeni, na vyote viwili hugeuka.

Chukulia mfano wa mtu anayenunua STI kwa Sh4 milioni za mkopo na kuiuza kwa Sh4 milioni zilezile baada ya miaka minne. Atajisifu kwamba haikushuka bei. Lakini riba ya benki, bima na matairi havikurudi mfukoni mwake, na Sh4 milioni za mwaka wa nne hazinunui vitu ambavyo zilinunua mwaka wa kwanza. Mkusanyaji wa magari wa ng'ambo anayepata faida huwa amenunua kwa fedha taslimu na hulitoa gari nje mara chache kwa mwaka. Mkenya anayelitumia kwenda kazini kila siku yuko katika biashara nyingine kabisa.

Kuna pia swali la kama gari lenyewe ni STI. WRX ya kawaida yaweza kuvishwa nembo, bawa la nyuma na taa za STI katika gereji kwa siku chache, na tofauti ya bei ni kubwa mno kwa tapeli kuiacha. Chesisi haidanganyi kwa urahisi huo. Katika Impreza za miaka ya 2000 hadi 2007, alama GDB ni ya STI na GDA ni ya WRX. Katika kizazi cha mwisho, VAB ni STI yenye gia za mkono, ilhali VAG ni WRX S4, gari zuri lakini lenye gia za kujiendesha na injini tofauti. Karatasi ya mnada ya Japani nayo ni shahidi: gari lililogongwa na kutengenezwa kwa kawaida huandikwa herufi R mahali pa alama ya ubora. Mnunuzi aombe karatasi hiyo, na gari lililokwisha kutumika nchini lipimwe mgandamizo wa silinda zote nne.

Kipimo hicho si cha kupuuzwa. STI za Japani ziliundwa kwa kutegemea petroli ya oktani ya juu ya nchi hiyo, takriban 100, na petroli ya kawaida ya Kenya iko chini ya hapo. Injini yenye turbo ikinyweshwa petroli hafifu na kusukumwa kwa nguvu, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati na pistoni huumia polepole. Mlio huenda usimwambie mnunuzi lolote.

Mabadiliko ya mitambo, ambayo vijana wengi huyatumia fedha nyingi, hayarudishi gharama yake. Katika soko la wakusanyaji, gari lenye injini yake ya awali, rangi yake ya kiwandani na kumbukumbu za matengenezo huuzwa ghali kuliko lililoongezwa nguvu. Impreza zilizoundwa Japani miaka ya 1990 zimekwisha kupita miaka 25, na sheria ya Marekani haizuii usukani wa kulia kwa magari ya umri huo. Kwa hivyo ile iliyokaa Nakuru au Eldoret miaka yote hiyo yaweza kuwa na mteja ng'ambo, iwapo nambari ya chesisi inalingana na kitabu cha umiliki na hakuna fundi aliyeing'oa injini yake.