UPEPO WA UFIPA NA MICHE YETU



Huenda mmoja wenu akauliza: Ufipa na karafuu wapi na wapi? Kweli, mkarafuu hausitawi kule. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na baridi yake haiufai. Lakini sisi twala kwa maua, maana karafuu si kitu ila ua lililochumwa kabla halijachanua. Na kila mwenye mmea wa maua ulio nje ana adui mmoja na mwenzake, naye ni upepo. Atakaye kuzijua tabia za upepo na autazame mahali unapopita bila kizuizi.

Ufipa ni uwanda wa juu, baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sehemu kubwa ni mbuga ya majani yenye miti michache. Mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, kisha huja kiangazi kirefu na upepo wa kusini mashariki, jamaa wa kusi yetu. Upepo huo humkuta mwenye waridi mlangoni pake, na humkuta mkulima wa alizeti, ambayo kichwa chake kizito kimekaa juu ya bua refu.

Upepo hudhuru kwa njia mbili. Ya kwanza twaiona: matawi kuvunjika, mashina kulala, maua kupukutika. Ya pili hutudanganya. Upepo huyanyonya maji ya majani upesi kuliko mizizi iwezavyo kuyaleta, ncha za majani zikakauka, na mwenye shamba akadhani ni ugonjwa. Sisi wa visiwani tuna na ya tatu, nayo ni chumvi ya bahari. Majani ya bustani yaliyopigwa na chumvi yafaa kuoshwa kwa maji baridi ya kisima.

Dawa yake ni nini? Wengi hukimbilia kujenga ukuta. Upepo ukigonga ukuta huruka juu, kisha huanguka upande wa pili ukizunguka-zunguka, ukayavuruga maua yale yale tuliyotaka kuyalinda. Kilicho bora ni wigo wa miti, au wa makuti yasiyobanana, unaopitisha kadiri ya nusu ya upepo. Huo hauushindi upepo kwa nguvu, bali huuchosha. Hesabu yake ni rahisi: wigo hukinga vizuri masafa ya kama mara 10 ya urefu wake. Wigo wa mita 3 utakinga kama mita 30. Lakini usiache pengo katikati, kwani upepo hupenya hapo kwa kasi kuliko uwanjani.

Huko bara mikaratusi hupandwa kwa wingi, nayo hukua upesi. Ila hunywa maji mengi, basi isikaribie tuta la maua. Kwetu mvinje wafaa sana, na mbele yake, upande utokako upepo, vichaka vifupi vya kuziba chini. Tukumbuke kwamba tuna kusi na tuna kaskazi. Shamba lililo wazi pande zote mbili lahitaji wigo pande zote mbili.

Kwa mche wenyewe, fanyeni hivi. Pandeni mche mfupi wenye mizizi mizuri, si mrefu uliokaa kitaluni kupita kiasi. Ukihitaji fito ya kuegemea, ufungeni chini, kama theluthi moja ya urefu wake, kwa kitambaa kilicholegea kidogo. Shina likitikisika kidogo hupata nguvu. Fito iondolewe baada ya mwaka. Mwagilieni kabla ya siku za upepo, na mtandaze majani makavu shinani ili unyevu usipotee, lakini yasiguse gome.

Wazee wetu waliujua upepo. Aprili 1872, wakati wa Seyyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja kikaiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo ikawa mbele katika karafuu. Na Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, tulikumbushwa kwamba jambo hilo si hadithi ya kale tu. Hatusemi kwamba wigo huzuia kimbunga. Twasema kwamba kusi huja kila mwaka, na hasara yake ya kidogo kidogo hatuiandiki daftarini.

Kwa hiyo tuna ombi moja. Mwanachama anayekata mwembe mkongwe wa upande wa kusi kwa ajili ya mbao au kuni hupata fedha ya wiki moja. Mikarafuu michanga iliyokuwa nyuma yake yataka miaka 6 hata 8 kabla ya kuzaa, na yote hiyo itakuwa uchi. Kabla ya kushika shoka, na asimame penye mti ule siku ya upepo, kisha aende nyuma yake, apime mwenyewe. Na akiona hana budi kuukata, basi apande mivinje kwanza, aingoje ikue, ndipo akate.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta, kama tulivyoona, hausaidii.

Twawatakia nyote mavuno mema.